Mlima wa Kuitikia

Nchi nitakayoisema hapa haipo. Nimeipita kwa miguu, nimekula vumbi lake, na nimewekwa mahabusu katika kituo chake kimoja kwa kosa la kutokuwa na kosa, lakini nakuhakikishia haipo. Ukisoma ukaona inafanana na ya kwako, usinilaumu mimi. Angalia vizuri, huenda ya kwako ndiyo haipo.

Jina lake sikulishika. Walikuwa wakilibadilisha siku zile nilipokuwa njiani, na nilipovuka mpaka kamati ilikuwa bado inagombana juu ya rangi ya herufi. Askari wa mpakani aliniambia niandike tu "Hapa".

Basi niliingia Hapa, nikatembea mpaka kiu ikanishika karibu na kijiji kinachoitwa Kitonyi. Nikaelekezwa chemchemini. Ilikuwa chini ya mlima mdogo uliovaa nyasi hadi kileleni, maji yanatoka katikati ya mawe, baridi, safi, bila kelele. Mwanamke mrefu alikuwa ameinama anaokota majani makavu yaliyoangukia majini.

"Kunywa, mgeni," akasema bila kuinuka. "Ila usinawie humo."

Nikanywa. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia nakwenda tu.

"Basi umefika," akasema.

Huyo ndiye Bi Sikudhani, mjane, mlinzi wa chemchemi na mpuliza baragumu wa kijiji. Baragumu lenyewe lilikuwa pembe la tandala, limeng'aa kwa kushikwashikwa na mama yake na mama wa mama yake. Desturi yao ilikuwa hivi. Kukiwa na kazi ya wote, kama mfereji kuziba au ukingo kupasuka, Bi Sikudhani hupuliza. Kila anayesikia, awe shambani, awe chooni, awe kwa mke wa mwenzake, hupaza sauti pale pale alipo: "Tupo!" Na aliyekwisha kusema tupo hatii kitu kinywani mpaka jembe lake liguse udongo wa kazi aliyoitiwa. Ni kiapo. Hata mwizi wa kijiji, ambaye kila mtu alimjua na wengine walimpenda, hakuthubutu kunywa uji kabla jembe lake halijagusa udongo.

Niliishuhudia mwenyewe. Ukingo wa chemchemi ulipasuka asubuhi moja, baragumu likalia, zikaja "tupo" kutoka kila upande kama mwangwi uliochanganyikiwa, na kabla uji haujapoa ukingo ulikuwa umezibwa. Wakala. Nikasema moyoni, nchi hii ina bahati mbaya sana, siku serikali ikigundua jambo hili italiendeleza.

*

Ikaligundua.

Waziri wa Mazingira na Mawasiliano, Mheshimiwa Dakta Injinia, Kanali Mstaafu Mtarajiwa, alihutubia taifa redioni. Tulimsikiliza kwenye kibanda cha chai.

"Ndugu wananchi! Mazingira ni uhai. Uhai ni taarifa. Taarifa ni mtandao. Kwa hiyo asiye na mtandao hana uhai, na serikali yenu sikivu haina bajeti ya kuhifadhi mazingira ya marehemu! Kuanzia leo, jamii zote zitahamasika kidijitali, kwa pamoja, kwa wakati, na kwa kibali!"

Baada ya hapo akaja afisa uhamasishaji, kijana anayeitwa Ludigo, kwenye pikipiki, na gunia la simu nyuma yake. Kijana wa watu, mpole, shati limechomekewa. Alishuka moja kwa moja chemchemini, akanywa maji kwa mikono miwili, akasifu, ndipo akaanza kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hilo unalopuliza, mama, linafika wapi?"

"Mpaka mashamba ya mwisho kule, upepo ukiwa mzuri."

"Na linafikisha ujumbe kwa akina nani?"

"Kwa wote wenye masikio."

Ludigo akasikitika. "Basi huo ni mtandao, mama. Umesajiliwa?"

"Baba, hili ni pembe la tandala."

"Naelewa. Na tandala mwenyewe alitoa ridhaa?"

Pembeni alikuwapo Mzee Chomboko, jirani wa Bi Sikudhani, mtu wa mdomo, ambaye wanakijiji walisema akifa utalazimika kumzika mara mbili, mwili na ulimi. "Tandala alikufa, afisa," akasema. "Ila tunaweza kukutafutia mjane wake porini, ukamhoji."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ludigo hakucheka. Alilifunga baragumu kwenye mfuko wa plastiki, akalitundika pikipikini kama kielelezo, kisha akagawa simu. Kila nyumba na simu yake. Kila simu ilikuwa tayari imeingizwa kwenye kundi moja, Kitonyi ya Kijani Kidijitali, ambamo Ludigo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika. Wananchi waliruhusiwa kuitikia.

"Na tukiwa na neno?" akauliza Bi Sikudhani.

"Neno lenu nitaliandika mimi, mama. Nyinyi kazi yenu ni kulikubali."

*

Sasa tatizo likawa moja. Kitonyi nzima haikuwa na mtandao, isipokuwa kileleni pa ule mlima ulio juu ya chemchemi.

Kila asubuhi Ludigo, akiwa zake wilayani, aliandika: "Wana Kitonyi! Tuokoe chemchemi yetu! Mpo?" Hakutaja kazi yenyewe. Mwongozo wake haukuwa na kazi, ulikuwa na wito tu. Na watu wa Kitonyi, watu wa kiapo, wakaketi kushauriana: je, tupo ya simu ni tupo?

"Neno ni neno," akasema Mzee Chomboko, na safari hii hakutania. "Hata ukilisema kwa kidole. Ukishaitika huli mpaka jembe liguse udongo."

"Udongo upi, na kazi haijatajwa?"

"Udongo ulipo wakati wa kuitika."

Wote wakaona ni haki. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa sababu walikuwa waaminifu. Watu wa kijiji kingine chochote wangeitika kitandani wakaendelea na usingizi. Wa Kitonyi walipanda mlima, wanaume kwa wanawake, vikongwe wakikokotwa mikono, majembe mabegani. Kileleni waliinua simu juu mpaka ujumbe uingie, wakaitika, kisha kila mmoja akapiga jembe moja ardhini pale pale. Kiapo kimetimia. Wakashuka kunywa uji.

Ludigo aliposikia habari hiyo alifurahi karibu kulia. Akaagiza kila jembe lipigwe picha, na picha ionyeshe udongo mbichi. Udongo wa jana haukubaliki.

Nami nilikuwa napanda nao. Ukitaka kujua mambo ya watu, panda nao mlima kabla hawajala.

"Sogea huko, Nyamizi, umenizibia mtandao!"

"Mtandao wa babako? Inua mkono wako, kwapa lako nimeshalizoea."

"Jamani, yangu wameikataa! Wanasema jembe halina udongo mbichi."

"Piga tena, shoga. Piga pale penye nyasi, panatoka udongo mweusi mzuri."

Wakapiga penye nyasi. Kesho yake palipobaki nyasi wakapiga. Njia ya kupandia ilikuwa kama utepe mwanzoni, ikawa kama mkeka, ikawa korongo. Mvua za vuli zilipokuja hazikutafuta pa kupita. Ziliteremka kwenye njia ile ile ya watu, zikabeba udongo uliolegezwa na kiapo, zikaumwaga chemchemini. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona maji ya Kitonyi yana rangi ya chai.

Wilayani, Kitonyi ikatangazwa ya kwanza kwa uhifadhi. Hakuna kijiji kilichokuwa kikichimba kwa bidii namna ile.

*

Bi Sikudhani aliona kabla ya wote. Alikuwa akishinda pale chini, anayazoa matope kwa sufuria, na kila akizoa mlima unamwongezea. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: njia ifungwe kwa mawe, yachimbwe makinga maji kukata mteremko, na majani ya mabingobingo yapandwe yashike udongo kabla ya masika. Kazi ya kijiji kizima, siku kadhaa. Zamani angepuliza tu.

Akapanda hadi kileleni, akampigia Ludigo. Nilikuwa karibu, nikasikia pande zote mbili, maana simu zile zilipiga kelele kama debe.

"Mwanangu, waambie watu wasipande tena mlima. Mlima utakuja chini masika hii. Utatuzikia chemchemi."

"Mama, ujumbe mzuri sana huo. Lakini una neno 'wasi'. Mwongozo hauruhusu kukanusha. Tuuweke chanya."

"Uweke unavyotaka, baba, ila wasipande."

Asubuhi iliyofuata, watu walipokwisha kushuka, ujumbe ukawakuta waliochelewa kileleni, umepambwa na maua na picha ya Waziri akinusa mche: "MLIMA WETU, CHEMCHEMI YETU! Mama Sikudhani anawakumbusha kuujali mlima. Kila mwananchi athibitishe kuwa ameelewa. Mpo?"

Kijiji kizima kikapanda mara ya pili siku ile ile kuthibitisha kuwa kimeelewa. Kila mmoja akapiga jembe la kuelewa.

Bi Sikudhani alikaa juu ya jiwe. Nilidhani atalia. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akanishika mkono. "Wewe huna simu?"

"Sina, bibie."

"Basi unasikia bado. Twende."

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Aliongea na kila mtu uso kwa uso, na kila mtu alikubali, na kila mtu aliuliza jambo lile lile: mbona kundini halikuandikwa? Siku zile kutolewa kundini hakukuwa mzaha. Mbolea ya ruzuku ilikuja kwa kundi. Dawa ya zahanati ilikuja kwa kundi. Kulikuwa na mtu upande wa pili wa mto aliyetolewa kundini kwa kuweka alama ya kilio mahali pa alama ya makofi, na zahanati ilikataa kumtibu kwa sababu haikuweza kuthibitisha kuwa anaumwa yeye.

Wakaja wachache. Mzee Chomboko, Nyamizi wa kwapa, na mwizi wa kijiji, ambaye alisema yeye hana jina zuri la kuharibu. Tukaviringisha mawe tukaziba njia. Mzee Chomboko akawa anatukana kila jiwe kwa jina la kiongozi tofauti, tukacheka, na kwa muda niliona kama jambo litawezekana.

Asubuhi watu wakaja na majembe yao, wakakuta mawe, wakaamkia kwa adabu, wakapita pembeni. Kufikia jioni palikuwa na korongo la pili.

Ludigo akafika na pikipiki. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Mama, mmekusanyika nje ya kundi."

"Tumekusanyika nje, baba. Mlima uko nje."

"Nimeletewa maelekezo. Niwatoe."

Akawatoa pale pale, kwa kidole, huku anaomba radhi. Nyamizi alikuwa na mtoto mwenye degedege. Alimpigia magoti Bi Sikudhani, akamwomba msamaha, akaenda kusaini kuwa alipotoshwa na mgeni, yaani mimi. Mwizi hakusaini, alihama tu. Mzee Chomboko alikataa siku nzima, anabwata barabarani kuwa yeye ameishi bila kundi tangu tumboni. Jioni mkewe, mwenye kisukari, alikaa mlangoni akamtazama. Kesho yake nilimwona mzee yuko kileleni, ameinua simu, jembe begani. Alipotuona chini aligeuza uso.

Ulimi ule haukumfaa tena kwa lolote baada ya siku ile. Kwake nadhani ndio uliozikwa kwanza.

*

Masika yakaja na Waziri.

Kitonyi ilikuwa imepewa tuzo ya Kijiji Kinara wa Kuitikia Mazingira, na kwa kuwa sherehe ilipaswa kuonyeshwa nchi nzima moja kwa moja, ilibidi ifanyike penye mtandao. Nyasi chache zilizobaki kileleni zilifyekwa ili umande usilowanishe suruali za wageni. Magari yalipandishwa mlimani, mazito, meusi, yamepangwa ukingoni juu kabisa ya chemchemi ili yaonekane vizuri kwenye picha. Mawingu yalikuwa yamejaa tangu alfajiri.

Bi Sikudhani alipanda. Sijui aliwapitaje walinzi, nadhani walidhani ni mcheza ngoma. Akakishika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, nawaomba mshuke. Wote. Mlima umechoka. Nawaombeni kwa jina la Mungu, shukeni."

Mshereheshaji akaruka mbele. "Makofi kwa mama yetu! Makofi ya kilo!"

Wakapiga makofi. Akajaribu tena, makofi yakamfunika. Aliongea na midomo ikawa inakwenda, na watu aliowazalisha kwa mikono yake walikuwa wakimpigia makofi, machozi yakiwatoka wengine, maana walimwelewa vizuri sana, na mikono haikusimama.

"Hiyo ndiyo hamasa!" akasema Waziri, akimpokonya kipaza sauti taratibu. "Ndugu zangu, wako wanaouliza, mazingira yataokolewa na nani? Nawajibu: yataokolewa na yeyote! Na wanaouliza lini, nawajibu: wakati wowote! Serikali haibagui!"

Mvua ikaanza. Waziri akasema mbingu zimekuja kumpokea. Ikaongezeka, akasema zimempokea vya kutosha, akaingia garini, na magari yakaondoka kwa pamoja yakikanyaga ukingo.

Sauti ya mlima haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mzito anapokaa kitandani. Mlima ulikaa. Kilele kikateleza chote, na jukwaa, na viti vya plastiki, na bango lenye uso wa Waziri akinusa mche, vikashuka polepole, karibu kwa adabu, vikalala juu ya chemchemi.

Hakufa mtu, mvua ilikuwa imeshatukimbiza hadi mteremko wa nyuma. Waziri alifika salama, gari lile linapita popote.

Hapo ndipo nilipoiona Kitonyi ya zamani kwa mara ya mwisho. Hakuna aliyeita. Watu walishuka wakikimbia, wakaanza kuchimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa vifuniko, kwa mikono. Simu zilidondoka matopeni hazikuokotwa. Bi Sikudhani alisimama katikati akiwaelekeza, "Hapa! Si hapo, hapa!" na Mzee Chomboko alichimba kama mtu anayemtafuta mwanawe. Wakitoa tope, tope linarudi. Wakatoa, likarudi. Mvua ilipokatika walikuwa wamefika kwenye mawe. Yalikuwa yamepasuka na kupishana, na yalikuwa makavu.

Mzee Chomboko akalala kifudifudi, akatega sikio kwenye ufa.

"Yanasikika?" akauliza Bi Sikudhani.

Akahamia ufa mwingine, akatega tena. "Nasikia moyo wangu," akasema.

*

Tangu siku ile wakawa wanachota mtoni, mwendo wa nusu siku, maji ambayo ng'ombe huyatangulia. Watoto wakaanza kuharisha. Taarifa haikuweza kupelekwa, kwa sababu kilele chenye mtandao kilikuwa sasa kiko chini, kwenye shimo. Basi Bi Sikudhani akaenda wilayani kwa miguu, na wengi wakamfuata, kila mtu na ndoo yake, wakitumaini kurudi na gari la maji. Gari lilikuwapo, tuliliona limeegeshwa uani, limejaa, linadondoka tone tone.

Ludigo alikuwa ofisini. Alisimama kumwamkia, kisha akaketi, akafungua kompyuta.

"Mama, gari ni la vijiji visivyo na maji."

"Ndiyo, baba. Ndio sisi."

Akatazama kioo, akakigeuza kidogo Bi Sikudhani naye aone. Kulikuwa na ramani, na Kitonyi ilikuwa ya buluu, buluu nzuri kuliko zote. "Kitonyi ina chemchemi. Hai. Kinara wa taifa."

"Imezikwa. Wewe mwenyewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo, mama." Akashusha sauti. "Lakini kubadilisha rangi lazima wananchi waripoti kupitia kundi, wakiwa pale pale Kitonyi, na picha."

"Kitonyi hakuna mtandao tena."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe huwezi kusema kuwa umeona?"

"Mimi ni mhamasishaji, mama. Sina kitufe cha kuona."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wengine wamebeba watoto. Bi Sikudhani akawatazama, akatazama ile buluu. Kisha akainua ndoo yake, akaiweka juu ya meza ya Ludigo, mbele ya kioo, akaisogeza vizuri isimwagike kitu.

"Basi, mwanangu," akasema, "nichotee humo."

Ludigo akanong'ona, "Mama, nakuomba usinifanyie hivi mbele za watu."

"Sikufanyii ubaya, baba. Ndoo moja tu. Hawa nyuma yangu watangoja zamu zao."

Na hakuwa anatania, wala hakukasirika. Kijana alimtazama usoni, akatafuta mahali pa kucheka asipaone. Akaigeukia kompyuta, akaweka vidole, akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na sisi wote pale mlangoni tukajivuta mbele tuone ndani ya ndoo.